Anisi: kata kabla shamba zima halijakauka
Kwa wanaojaribu anisi, kiungo cha mbegu zenye harufu tamu, kama zao la kuuza huku kusini mwa Uganda: usingoje yote ikauke shambani. Vichala vya mmea mmoja haviivi pamoja. Cha kati hutangulia, na ukichelewa mbegu zake, ambazo ndizo nono, hupukutika chini. Kata mashina asubuhi umande ungalipo, mara mbegu za vichala vya kwanza zikigeuka kijani cha kijivujivu. Funga mafungu, yaning'inize kivulini juu ya turubai, kisha pura. Jua la saa saba hukausha upesi, sawa, lakini hupeperusha mafuta yenye harufu, na mnunuzi hunusa kabla hajapima. Mvua za Aprili au Novemba zikikukuta bila banda lenye hewa, mbinu hii haifai: mafungu yataota ukungu.