Kijana kashikwa na bangi: jinsi ya kumuombea dhamana Kenya

Simu yenyewe huja usiku, ati kijana wenu kashikwa na msokoto na yuko kituoni. Beba kitambulisho uende, na ukifika kwa kaunta kabla ya kitu kingine uliza namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, na walichoandika, jina, kosa, na hasa saa aliyoshikwa, manake kifungu cha 49 cha Katiba chasema afikishwe kortini kabla masaa 24 kuisha, sasa kama alishikwa saa kumi jioni nao wameandika saa tatu usiku ushapunjwa masaa matano. Halafu kuna Ijumaa. Masaa yakiishia siku korti haikai yanasogezwa hadi siku ya korti inayofuata, kwa hivyo wa Ijumaa jioni anaweza kulala ndani mpaka Jumatatu na hakuna sheria iliyovunjwa.

Ndo maana usingoje korti, omba bondi pale pale, yaani aachiliwe kwa ahadi ya maandishi kwamba atafika kortini. Muulize OCS, mkuu wa kituo mwenyewe, kwa adabu tu, "Afande, naomba kumtolea huyu kijana bondi." Kwa kesi za dawa za kulevya hukataa sana lakini kuomba ni haki yako. Bondi ya polisi hailipiwi, ukitakiwa uweke pesa taslimu basi hiyo ni dhamana, yapewa risiti na yarudishwa. Mimi niliwahi kutoa elfu tano kwa kituo kimoja, nikaambiwa risiti nichukue kesho, kesho nikamkuta mwingine zamu na hakuna anayejua habari ya hiyo pesa. Hakuna risiti, usitoe.

Ukiruhusiwa kuongea naye mwambie anyamaze. Jina na anapoishi aseme, lakini hiyo ya nani kamuuzia na mara ngapi avuta angoje wakili. Sheria yataka ungamo litolewe mbele ya hakimu, jaji, au afisa wa cheo cha inspekta kwenda juu ambaye si yeye anayechunguza kesi, na mtu mmoja aliyechaguliwa na mshukiwa awepo, kwa hivyo karatasi ya kusainishwa saa nane za usiku asiiguse.

Kama ni mtu wa unga, yaani heroini, na yuko kwa methadoni, dawa anayopewa kliniki badala ya unga, tuseme anatoka kliniki ya Kisauni, Mombasa, mwambie OCS mapema na uonyeshe kadi yake. Dozi ni ya kila siku, ikikatika arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, yamuanza humo humo seli, jasho, kutapika, mifupa yauma, na mtu akiwa hivyo atasaini chochote.

Kortini atasomewa mashtaka kwa lugha anayoielewa, akitaka mkalimani apewa bure. Hapa ndo wengi huharibu, wasema "ni kweli" ili walipe faini waende nyumbani. Tangu sheria ibadilishwe 2022, bangi ya kuvuta mwenyewe ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka mitano, na yeye ndiye wa kuiridhisha korti kwamba ni yake ya kuvuta, isipokuwa hivyo adhabu yapanda vibaya sana. Unga nao ni hesabu ya mamilioni. Akane kwanza, aone ushahidi na ripoti ya mkemia wa serikali.

Akishakana aombe dhamana papo hapo, hata bila wakili, aseme anapoishi, kazi yake, na nani atamsimamia. Upande wa mashtaka ukipinga lazima utoe sababu nzito, mfano atatoroka au atatisha mashahidi, si "hawa vijana wasumbua mtaa." Wewe mdhamini njoo na kitambulisho, logibuku ya gari au hati ya shamba, peisilipu kama unayo, na barua ya chifu, hakimu atakuuliza unamjuaje. Kiwango kikiwa kikubwa omba kipunguzwe, hakimu akikataa kuna Mahakama Kuu. Ikiwa ni pesa taslimu, ulizia rejista, ofisi ya korti ya mafaili, jinsi ya kulipa, usimpe mtu mkononi kwenye korido hata akiwa na tai.

Risiti iandikwe jina lako uliyetoa pesa, si la kijana, manake kesi ikiisha ni wewe utakayerudi nayo rejista kudai, na ipige picha siku hiyo hiyo, ule wino hufutika na kesi yaweza kwenda miaka miwili.