Jinsi ya kufukua rolakosta zilizochorwa zikaishia kwenye makaratasi

Kuna watu wanafatilia usajili wa wachezaji, kuna wanaofatilia bei za magari ya mnada Japani, alafu kuna sisi tunaofatilia rolakosta, zile treni za burudani zinazopanda na kushuka kwa kasi, ambazo hazijawahi kubeba abiria hata mmoja. Yani bustani ya burudani imekaa kikao, imechora, imelipa mainjinia, pengine imetangaza mpaka kwenye magazeti, alafu kimya. Hapa nakuelekeza namna ya kuzifukua mwenyewe ukiwa na simu tu, maana video nyingi utakazokutana nazo zinazungusha hadithi zilezile na picha zilezile, na baadhi ya hizo picha wamechora mashabiki hata kampuni yenyewe haizijui.

Kabla ya yote shika hili: rolakosta isiyojengwa haiachi chuma, inaacha karatasi, na karatasi hazilingani uzito. Mchoro wa rangi ni kazi ya msanii mmoja. Maombi ya kibali cha ujenzi ni wanasheria, wapima ardhi, watu wa mazingira, hela ndefu imeshatoka. Kwa hiyo kila ukipata ushahidi jiulize karatasi hii imemgharimu nani na kiasi gani, hapo ndo utajua kama kweli walikuwa na nia au walikuwa wanaota tu mbele ya waandishi wa habari.

Anza na bustani moja na kipindi kimoja. Usiingie Google ukaandika "rolakosta ambazo hazikujengwa", utaletewa orodha za kunakiliana. Tafuta jina la siri la mradi, kwa sababu bustani kubwa huwa haziupi mradi jina la kibiashara mapema, zinaupa jina la fumbo au namba. Mfano mtamu kuliko yote ni Alton Towers ya Uingereza. Wao miradi yao waliiita Secret Weapon, SW kwa kifupi, na Nemesis iliyofunguliwa 1994 ndo SW3. Sasa ukiona tatu si lazima uulize moja na mbili zilienda wapi? Ndo hapo uhondo ulipo. SW1 na SW2 zilikuwa mipango ya rolakosta ya aina ya Pipeline kutoka kampuni ya Arrow ya Utah, Marekani, ambapo abiria hakai juu ya reli wala haning'inii chini yake, anakaa katikati ya reli zenyewe, kama yuko ndani ya bomba, ili behewa likibiringika lizunguke palepale alipo yeye. Arrow walijenga kipande cha majaribio kiwandani kwao na hawakupata mtu wa kuijenga kamili. John Wardley, aliyekuwa anasimamia ubunifu pale Alton, ameshaeleza kwamba alipoipanda aliiona nzito na ya polepole. Bustani ikapiga chini, ikaenda kwa kampuni ya Bolliger & Mabillard ya Uswisi, na kwa kuwa pale Alton hawaruhusiwi kujenga kitu kikachomoza juu ya miti ikabidi wachimbe mwamba waishushe rolakosta shimoni. Unaona sasa, ukiifatilia ile iliyokufa ndo unaelewa kwa nini iliyopo iko vile ilivyo. Kwa hiyo ukiona namba imerukwa kwenye majina ya miradi, weka alama hapo uchimbe.

Uingereza ndo pa kujifunzia kwa sababu karatasi ziko wazi. Kila halmashauri ina websaiti ya maombi ya ujenzi, bure, bila kujisajili. Alton Towers iko chini ya Staffordshire Moorlands, Thorpe Park iko Runnymede. Unaingia unaandika jina la bustani, alafu usisome yale yaliyokubaliwa tu, nenda kwenye hali ya ombi utafute yaliyoondolewa na yaliyokataliwa, yameandikwa "Withdrawn" na "Refused". Na hata lililokubaliwa usilisadiki haraka, kibali cha ujenzi England kwa kawaida kinakufa kama miaka 3 imepita kazi haijaanza, kwa hiyo kuna vitu vimepewa ruhusa kabisa na mpaka leo pale ni majani. Soma pia barua za majirani wanaolalamika kelele, wale wazee wanaandika vizuri na mara nyingi wanataja urefu wa kitu na siku walizoitwa mkutanoni kuliko hata kampuni yenyewe.

Kwa miradi mikubwa kabisa Uingereza haipitii halmashauri, inapitia serikali kuu, na hapo utakutana na London Resort. Hii ilitangazwa 2012, bustani nzima kwenye rasi ya Swanscombe huko Kent, mwanzo ikitumia jina la Paramount, kampuni ya filamu, Paramount wakajitoa 2017, wakarudi 2019, we acha tu. Mwezi wa tatu 2021 shirika la serikali la mazingira, Natural England, likatangaza eneo lile kuwa la kuhifadhiwa kisayansi, kuna ndege, kuna wadudu, kuna buibui mmoja mdogo anayeruka ambaye kwa Uingereza anapatikana sehemu mbili tu. Mwaka 2022 wenye mradi wakaondoa maombi yao. Mwaka 2025 mahakama ikaamuru kampuni ifungwe. Watu wanapenda kusema buibui kaua bustani, inachekesha ila mi naona ni kumuonea yule mdudu, mradi ulikuwa unayumba miaka kabla hajatajwa. Ndo maana nasema soma karatasi kwa mfuatano wa tarehe, usisome kichwa cha habari cha mwisho peke yake.

Marekani ni tofauti kidogo, kibali cha kaunti kinapatikana ila kila kaunti na mfumo wake na mingine inachosha roho. Kuna njia tatu za pembeni. Ya kwanza ni mamlaka ya anga, FAA: chochote kinachozidi futi 200, kama mita 61, lazima waambiwe kabla hakijasimama, ili ndege zisije zikakigonga, na taarifa hizo ziko kwenye websaiti yao na ramani na urefu. Rolakosta zote zinazozidi urefu huo zinapita hapo. Jibu la FAA lina muda wake, kawaida miezi 18, usipojenga wala kuomba nyongeza linakufa. Kwa hiyo ukikuta jibu limekufa na kwenye kiwanja hamna kitu, hongera, umepata moja.

Ya pili ni alama za biashara. Kampuni zinasajili jina kabla ya kutangaza, mashabiki wakiona tu wanaanza kelele, jina jipya jina jipya. Tulia. Kusajili jina ni rahisi sana ukilinganisha na kujenga, na sheria ya kule inaruhusu kuomba jina ambalo hujaanza kulitumia, ukishakubaliwa unaweza kuvuta muda mpaka miezi 36 alafu ukaliacha life. Jina peke yake ni tetesi tu, usiliite mradi. Ya tatu ni hataza, yani "patent", haki ya mtu kumiliki uvumbuzi wake, hizi Google imeziweka bure na michoro yake, na kwa kweli michoro ya hataza ndo mizuri kuliko yote maana inaonesha gurudumu linakaa wapi na mkanda unafungwaje. Ila hataza inalinda wazo, haisemi kuna mtu amenunua.

Kesi ya kujifunzia huko ni Skyscraper ya Orlando. Ilitangazwa 2014, sehemu ya jengo la biashara lililoitwa Skyplex kwenye barabara ya International Drive, rolakosta inayojizungusha kwenye mnara kama nyoka kwenye mti, futi 570, karibu mita 174, wakati Kingda Ka iliyokuwa ndefu kuliko zote duniani ilikuwa mita 139. Universal, bustani ya jirani yao, walipinga, kaunti ikapiga kura mwishoni mwa 2015 ikakubali, vyombo vya habari vikashangilia, tarehe ya kufungua ikasogezwa, ikasogezwa tena, na mnara haukuwahi kuinuka. Hapa kibali kilikuwepo, picha zilikuwepo, mkandarasi anayetaka sifa alikuwepo. Kilichokosekana inavyoonekana ni hela, na hela haina faili kwenye websaiti ya kaunti, inabidi uisome kwa kutokuwepo kwake: hakuna mtengenezaji aliyetangaza kuanza kutengeneza reli, hakuna picha ya reli hata moja imelala kwenye udongo. Reli ikishafika kiwanjani ndo mradi umevuka daraja.

Disney sasa hao ni ugonjwa mwingine. Karatasi zao ni michoro, wana wasanii wengi na wanachora vitu vingi kuliko vitakavyojengwa, ndo kazi yao. Kwa Disney usiulize "walichora?", wamechora kila kitu. Uliza "wazo lilihamia wapi?" maana hawatupi. Miaka ya 70 mwanzoni Marc Davis, mbunifu wao, alikuwa na Western River Expedition kwa ajili ya bustani yao ya Florida, jengo kubwa la Magharibi ya kale, mashua ndani na treni ya mgodi inayokimbia ovyo nje. Bei ikawatisha, wageni wa Florida wakawa wanadai kivutio cha maharamia, Pirates of the Caribbean, kama cha Disney ya California, wakajengewa maharamia 1973. Ila ile treni ya mgodi mbunifu mwingine, Tony Baxter, akaichomoa, akaifanya kivutio kinachojitegemea, Big Thunder Mountain, California 1979 na Florida 1980. Kwa hiyo kwenye orodha yako Western River haijajengwa, lakini usiandike kwamba imepotea.

Na Disney wanaacha nyayo kwenye zege. Animal Kingdom, bustani yao nyingine ya Florida, ilipofunguliwa Aprili 1998 ilitakiwa kuja na eneo la wanyama wa hadithini, Beastly Kingdom, ndani yake rolakosta ya kuning'inia kwenye ngome iliyobomoka, joka anailinda dhahabu, ikiitwa Dragon's Tower. Bajeti ikaenda kwenye wanyama halisi, eneo likaahirishwa, wakaweka kambi ya Mickey kwa muda. Lakini joka lilishaingia kwenye nembo ya bustani, sehemu ya maegesho ya magari ikapewa jina la Unicorn, yule farasi wa hadithini mwenye pembe moja, na kwenye vibanda vya tiketi kuna kichwa cha joka. Ardhi ile ikaja kuwa Pandora, eneo la filamu ya Avatar, 2017. Inasemwa sana kwamba baadhi ya wabunifu waliopunguzwa kazi walihamia Universal, na kweli 1999 Universal jirani tu pale wakafungua Dueling Dragons, rolakosta mbili za kuning'inia na ngome na majoka. Hiyo ya kuhama iweke kwenye fungu la "inasemwa", usiipandishe cheo. Ila nembo, maegesho na vibanda ni ushahidi wa kushika, kwa hiyo ukichunguza bustani yoyote angalia ramani ya zamani, nembo ya siku ya ufunguzi, na njia za watembea kwa miguu zinazoishia ukutani bila sababu.

Kwa walioko Ghuba, mna mgodi mlangoni. Dubailand, mradi mkubwa wa burudani wa Dubai, ilitangazwa 2003, ikaja Universal, ikaja Six Flags, kampuni nyingine ya bustani ya Marekani, mgogoro wa fedha wa 2008 ukafagia karibu vyote. Six Flags wakafufuliwa safari ya pili kwenye eneo la Dubai Parks and Resorts, safari hii kazi ikaanza kabisa, na 2019 ikatangazwa kwamba haitaendelea kwa sababu fedha zake hazipo. Njia ya huko ni soko la hisa, maana DXB Entertainments iliyokuwa inamiliki ilikuwa imesajiliwa Dubai Financial Market, na kampuni ya soko la hisa inalazimika kuwaambia wanahisa ukweli ambao idara ya matangazo haitakuambia. Tafuta taarifa za robo mwaka, ruka kurasa za picha, soma pale panaposema mali iliyoshushwa thamani.

Websaiti ya mradi uliokufa ikizimwa usikate tamaa, ichukue anwani yake uiweke kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, inayotunza nakala za kurasa za zamani, utapata kalenda, fungua tarehe ya kwanza kabisa na ya mwisho ulinganishe. Mara nyingi utaona rolakosta zinapungua kimyakimya, mwanzo sita, baadae nne, baadae wanaongelea hoteli tu. Na hakikisha kwenye RCDB, ile kanzidata ya rolakosta aliyoianzisha Duane Marden 1996, kwamba kitu chako kweli hakijajengwa kwa jina lingine au hakijauzwa kwenda nchi nyingine.

Mitego ipo. Mashabiki wanatumia NoLimits, programu ya kompyuta, kutengeneza rolakosta inayoonekana kama ya kweli, na viwanda navyo vinatumia programu hiyohiyo, kwa hiyo muonekano si ushahidi. Matangazo ya tarehe 1 Aprili yapo, cheki tarehe. Alafu kuna ile ya Julijonas Urbonas wa Lithuania ya 2010, Euthanasia Coaster, rolakosta ya kumuua abiria wake, mita 510 kwenda juu na vitanzi saba, kila orodha inaiweka, ila ile ni kazi ya sanaa, hakuna bustani iliyoipanga, itoe.

Ukishapata yako andika bustani, jina la mradi, mtengenezaji kama ametajwa kwenye karatasi na sio kwenye komenti, tarehe ya karatasi ya mwisho, na sababu ya kufa kwa maneno ya wenyewe. Piga skrinshoti, na ukurasa wenyewe uhifadhi Wayback hapohapo. Kwa anayeanza leo, chukua Dragon's Tower au hizo SW za Alton, zinaisha kwa jioni moja. London Resort iache kwanza, na siku ukiigusa fungua muhtasari wa tathmini ya mazingira ulioandikwa kwa watu wa kawaida, maana ukishusha mafaili yote ya PDF yatakumalizia bando hujafika hata kwenye ramani.