Mgonjwa wa kiharusi aliyepoteza maneno: mazoezi ya nyumbani, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa watu wa nyumbani: mke, binti, mjukuu, yeyote anayeshinda na mgonjwa. Kila ninapopita majumbani kwa kazi yangu ya mazoezi ya usemi, Unguja na Pemba, nakuta jambo lile lile: mzee hasemi, basi na watu wameacha kusema naye. Wanamzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo. Yupo. Mara nyingi akili yake iko pale pale, na kilichokatika ni njia ya kuyafikia maneno.

Mazoezi haya ni ya aliyekwisha kuonwa na daktari. Ikiwa mdomo umepinda leo, mkono umelegea au maneno yamevurugika ghafla, mpelekeni hospitali sasa hivi. Msimpe aspirini nyumbani: kiharusi huweza kuwa cha damu kuganda au cha mshipa kupasuka, na dawa inayomfaa wa kwanza inaweza kumdhuru wa pili.

Hatua ya 1: Jua kilichoharibika

Kwa watu wengi lugha iko upande wa kushoto wa ubongo, upande huo huo unaoendesha mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana aliyepooza kulia mara nyingi hupoteza na maneno. Hali hiyo huitwa afasia. Mwaka 1861, Paris, daktari Paul Broca alimchunguza mgonjwa aliyefahamu anachoambiwa lakini kila akitaka kusema humtoka “tan” tu. Alipokufa, jeraha lilionekana sehemu ya mbele, kushoto. Mwaka 1874 daktari Mjerumani, Carl Wernicke, alieleza wagonjwa wa namna nyengine: wanasema bila kukwama, lakini maneno hayashikani, na wao hawaelewi vyema wanachoambiwa.

Mpime wako. Mwambie “Nipe kanga” bila kunyoosha kidole wala kuitupia jicho. Akikupa, endelea. Asipoelewa, fupisha sentensi, onyesha vitu kwa mikono, zima redio.

Hatua ya 2: Anza na kilichobaki

Asiyeweza kusema “maji” huenda akasoma Alhamdu mpaka mwisho. Jamaa wengi hapo husema anajifanya. Hajifanyi hata kidogo. Yaliyohifadhiwa tangu utotoni na kurudiwa kila siku, kama sura, kuhesabu na siku za wiki, hutoka kama mnyororo, na husaidiwa pia na upande wa kulia na sehemu za ndani za ubongo.

Lakini kusoma huko bado si kuzungumza, na msimsomeshe ili wageni waone. Utumieni mnyororo kufikia neno. Muulize ana watoto wangapi, mhesabu pamoja, moja, mbili, tatu, mpaka asimame mwenyewe penye jibu. Siku ya kliniki ifikieni hivyo hivyo kuanzia Jumamosi.

Hatua ya 3: Neno moja, kitu mkononi

Hapa ndipo penye kazi. Chagueni maneno matano anayoyahitaji: maji, choo, dawa, kikombe, jina la mkewe. Mpe kikombe akishike, kisha:

Ngoja. Hesabu kumi moyoni. Wengi wetu hatufiki tatu tumeshamsemea.

Akikwama, taja kazi yake: “Cha kunywea chai.” Bado? Acha sentensi wazi: “Nimimine chai kwenye…” Bado? Mwanzie neno. Usimpe “ki” peke yake, kwa kuwa kiti, kisu na kitanda navyo vinaanza hivyo. Mpe “kiko…” amalizie. Mwisho kabisa litamke lote, yeye akikutazama mdomo, naye alirudie.

Mzee mmoja wa Wete, mkulima, picha za vitabuni hazikumsaidia kitu. Binti yake akamtilia karafuu kiganjani. Akazisugua, akanusa, midomo ikaanza kutafuta. Binti akasema “kara…”, na baba akamalizia “fuu”. Siku zilizofuata “jamvi” na “pishi” zilitoka kwa urahisi kuliko “kalamu”. Mtafutieni wenu vitu vya kazi yake. Anuse na kushika tu, asitiwe kitu mdomoni, maana baada ya kiharusi wengi hupaliwa.

Hatua ya 4: Neno lisipotee kesho

Kumbukumbu ina mahali pake. Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa mwaka 1953 kutibiwa kifafa, alitolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, yaani sehemu ya ndani ya ubongo inayosaidia kuweka kumbukumbu mpya, pande zote mbili. Aliendelea kuzungumza vizuri, lakini matukio mapya hayakukaa. Wa kwenu huenda ni kinyume chake: kumbukumbu ipo, maneno ndiyo magumu. Itumieni.

Neno likitoka, muulize tena baada ya dakika moja, kisha mbili, nne, nane. Akikosa, usimbahatishishe. Mwambie neno, alirudie, mrudi kwenye muda wa mwisho aliofaulu. Dakika kumi asubuhi na kumi alasiri zinamfaa kuliko saa nzima ya mfululizo, kwa sababu ubongo uliojeruhiwa huchoka haraka, na akichoka hata maneno ya jana hukataa.

Hatua ya 5: Mrudisheni barazani

Mtoeni akakae na wenzake. Waambieni mapema wamuulize ya kujibika kwa ndiyo au siyo, mmoja baada ya mmoja, na wasimcheke akisema “chai” akikusudia “maji”. Akikosea hivyo, mpe kikombe cha maji, sema “maji”, mazungumzo yaendelee.