Somo: Kujiandaa na mtihani wa PE wa Nyuklia, hatua kwa hatua

Mtihani wa PE (mhandisi mtaalamu) wa Nyuklia, wa leseni ya uhandisi nchini Marekani, hutungwa na NCEES, baraza la kitaifa la mitihani ya uhandisi na upimaji ardhi, na hufanyika siku moja tu kwa mwaka katika vituo vya mitihani ya kompyuta vya Pearson VUE. Ukianguka, unangoja mwaka mzima. Mtu anayeijua fizikia vizuri bado anaweza kuangushwa na mambo mawili: vizio vya vipimo, na muda unaopotea akitafuta fomula kwenye skrini. Maandalizi yote yalenge hapo.

Hatua ya 1: Pakua kitabu cha marejeo. Ni bure ndani ya akaunti yako ya MyNCEES. Huruhusiwi kuingia na kitabu chako, na hicho hicho ndicho kitakachofunguka kwenye kompyuta ya mtihani. Tafadhali usikichape. Fanya mazoezi yako yote kwenye skrini, ukitafuta kwa neno, mpaka ujue kitabu kinakiita kila kitu kwa jina gani. Ukitafuta kwa jina lisilomo humo, hutapata kitu hata kama fomula ipo.

Hatua ya 2: Kikokotoo. Zinazokubaliwa ni Casio fx-115 na fx-991, HP 33s na 35s, na TI-30X na TI-36X. Chagua kimoja leo, usibadilishe tena.

Hatua ya 3: Mpangilio wa kusoma. Maeneo ni manne: mifumo ya vinu vya umeme, mzunguko wa fueli, mwingiliano wa mionzi na maada, na mwenendo wa nutroni ndani ya kinu. Anza na hilo la mwisho, maana ndilo linalosahaulika upesi zaidi kwa mtu aliyeko kazini.

Hatua ya 4: Kokotoa kwa mkono, ukiandika kizio kila mstari. Mfano: k, yaani uwiano wa nutroni za kizazi kimoja kwa zile za kizazi kilichotangulia, ni 1.002. Riaktiviti (ρ), yaani jinsi kinu kilivyo mbali na hali ya usawa, ni (k − 1)/k = 0.001996. Kwa urani-235 (U-235), β (sehemu ya nutroni zinazochelewa kutoka) ni 0.0065, na λ ya wastani (kasi ya kuoza kwa viini vinavyozitoa) tuchukue 0.08 kwa sekunde. Kipindi cha kinu, yaani muda wa nguvu kuongezeka mara 2.7 hivi, ni (β − ρ)/(λρ), yaani 0.004504 ÷ 0.00015968 = sekunde 28 hivi. Ukisahau kutoa ρ pale juu utapata 41, na jibu hilo la makosa huenda likawa miongoni mwa machaguo.

Sasa kinga dhidi ya mionzi. Miale ya gama ya Cs-137 (662 keV) kwenye risasi ina µ (kiwango cha kudhoofika) ya takriban 1.25 kwa sentimita. Kuipunguza hadi 1/100 kwa fomula ya kawaida kunataka ln 100 ÷ 1.25 = sm 3.7. Lakini miale iliyotawanyika ndani ya risasi nayo hufika kwenye kipimo. Swali likikupa kizidishi cha miale hiyo, B = 2, unahitaji ln 200 ÷ 1.25 = sm 4.2. Soma swali mara mbili uone kama mwali ni mwembamba (miale iliyotawanyika haihesabiwi) au mpana (inahesabiwa). Hapo ndipo pa kukwama.

Joto baki, lile linaloendelea kutoka baada ya kinu kuzimwa, nalo lina mtego wake: muda huingia kwenye fomula kwa sekunde, si saa. Na nguvu ya kinu ni ya joto: MW 1000 za umeme kwa ufanisi wa asilimia 33 ni MW 3000 hivi za joto.

Hatua ya 5: Igiza siku nzima. Kaa saa nane, dakika kama sita kwa swali, na mapumziko katikati. Ukishafunga sehemu ya kwanza huwezi kuirudia, kwa hiyo malizia maswali uliyoyawekea alama kabla ya kutoka.

Maswali ya wanachama

*Nikikwama, nikisie?*
Ndiyo. Alama huhesabiwa kwa majibu sahihi tu, na jibu la makosa halikatwi kitu. Usiache swali tupu.

*Je, natakiwa nifanye FE (mtihani wa awali wa misingi ya uhandisi) ya Nyuklia kwanza?*
FE ya Nyuklia haipo. Wengi wetu hufanya ya Mitambo, ya Kemia, au ile ya Taaluma Nyinginezo. Chagua iliyo karibu na masomo uliyosoma.

*Leseni hii inaniruhusu kuendesha kinu?*
Hapana. Waendeshaji hupewa leseni na NRC, tume ya Marekani ya udhibiti wa nyuklia, kwa mitihani tofauti kabisa. PE hutolewa na bodi ya jimbo, na baadhi ya bodi hukubali ufanye mtihani kabla ya kutimiza miaka ya kazi. Soma kanuni za jimbo lako kabla ya kulipa.

*Vizio vya SI (mfumo wa kimataifa) vinatosha?*
Havitoshi. Utakutana na Btu (ya joto), pauni, kyuri (ya kiwango cha kuoza) na rem (ya dozi ya mionzi). Kariri hizi tatu: kyuri 1 ni 3.7 × 10¹⁰ Bq (bekereli), rem 100 ni Sv (siverti) 1, na wati 1 huhitaji mipasuko ya viini kama 3.1 × 10¹⁰ kwa sekunde. Nyingine zitafute kitabuni.