KOReader au programu iliyokuja na Kobo: hatua za kuchagua na kuweka

Kobo ni kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, na KOReader ni programu nyingine ya kusomea unayoweza kuiweka ndani yake. Anza kwa kuangalia mafaili yako. Ikiwa vitabu vingi umevinunua katika duka la Kobo au unaviazima kupitia OverDrive (huduma ya kuazima vitabu vya maktaba mtandaoni), baki na programu iliyokuja na kifaa, kwa sababu KOReader haifungui vitabu vyenye DRM, yaani kufuli la kuzuia kunakili. Lakini ikiwa unasoma PDF, hasa kurasa za A4 zilizoskaniwa kwenye kioo cha inchi 6, naipendelea KOReader bila kusita: hukata pambizo na kuyapanga upya maandishi, hata ukasoma kwa herufi kubwa bila kusogeza ukurasa kushoto na kulia. Hakuna cha kufuta, kwa kuwa programu zote mbili hukaa pamoja.

Pakua KOReader ya Kobo na NickelMenu, nyongeza inayoweka kitufe cha kuifungulia KOReader kwenye menyu ya Kobo. Maelezo haya ni ya mfumo wa Kobo wa toleo la 4.

Kabla ya kunakili chochote, zuia Kobo isipekue folda zilizofichwa. Tangu toleo la 4.17 kifaa hupekua hata folda hizo, na picha za ndani ya KOReader huingia maktabani kana kwamba ni vitabu. Kuziondoa baadaye ni kazi ya kuchosha. Unganisha kifaa na kompyuta, onyesha mafaili yaliyofichwa, kisha ufungue .kobo/Kobo/Kobo eReader.conf kwa kihariri cha maandishi matupu, kamwe si Word. Chini ya [FeatureSettings] andika:

ExcludeSyncFolders=(\\.(?!kobo|adobe).+|([^.][^/]*/)+\\..+)

Kichwa hicho kikiwapo tayari, usikirudie. Mikwaju ya nyuma (\) iwe miwili miwili kama ilivyo hapa. Hifadhi, tenganisha kifaa kwa amri ya kompyuta kabla ya kuchomoa waya, kisha ukiunganishe tena na kuhakikisha kwamba mstari bado upo.

Nakili folda ya koreader ndani ya .adds, na KoboRoot.tgz ya NickelMenu ndani ya .kobo. Katika .adds/nm (folda isipokuwapo, itengeneze) tengeneza faili la maandishi matupu lenye mstari huu:

menu_item :main :KOReader :cmd_spawn :quiet:exec /mnt/onboard/.adds/koreader/koreader.sh

Tenganisha, kifaa kitajiwasha upya.

Kwa kuwa programu hizi hazipashani habari za ukurasa ulioishia, kila kitabu kisome katika programu moja tu hadi mwisho.