Degedege na dharura nyingine za ubongo kwa watoto: mambo ya kuzingatia kabla

Mara nyingi daktari wa zamu kwenye chumba cha dharura hakuti kile kilichomfanya mzazi akimbie na mtoto mkononi. Degedege limeshakatika, mtoto amelala, na kilichobaki ni maelezo ya aliyeshuhudia. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria dawa ya kuweka kabatini, jiandae kuwa shahidi mzuri.

Anza na saa. Degedege la homa huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, na kwa kawaida huisha lenyewe ndani ya dakika chache. Likifika dakika 5 bila kukatika, au likirudi kabla mtoto hajazinduka, hiyo ni dharura inayohitaji dawa, na kadiri linavyoendelea ndivyo linavyozidi kuwa gumu kulikata. Mwenye hofu hawezi kukadiria muda, basi tazama saa kwanza. Akiwepo mtu wa pili, arekodi kwa simu: macho yamegeukia wapi, mkono upi ulianza kutikisika, ni mwili mzima au upande mmoja, midomo ina rangi gani.

Wewe mlaze mtoto ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, legeza nguo shingoni. Usimkandamize. Usimtie chochote mdomoni, si kijiko, si kidole, si maji. Watu huogopa kwamba atameza ulimi, haumezwi. Kinachotokea kweli ni meno kuvunjika au maji kuingia mapafuni.

Andika mapema, karatasini au kwenye simu, uzito wa mtoto kwa kilo, kwa sababu dozi za watoto hukokotolewa kwa uzito. Ongeza dawa anazotumia, mzio na chanjo alizopata. Mwenye kifafa asiishiwe dawa, maana kuruka dozi ni sababu ya kawaida ya degedege kurudi. Muulize daktari wake kama anafaa kuwa na dawa ya dharura nyumbani, ile ya kuweka shavuni au njia ya haja kubwa, na ufundishwe kuitumia kabla siku hiyo haijafika.

Mtoto aliyewekewa mrija wa kupunguza maji kichwani ana hatari yake ya pekee. Akianza kutapika, kulalamika kichwa na kusinzia isivyo kawaida, ni rahisi kudhani ni tumbo. Huenda mrija umeziba. Taja mrija huo kabla hujataja kutapika.

Dalili nyingine hazina mtikisiko wowote. Homa yenye shingo iliyokakamaa huashiria ugonjwa wa homa ya uti wa mgongo, lakini kwa mtoto mchanga shingo inaweza isikaze kabisa. Tazama utosi uliovimba, kunyonya kulikopungua, kilio chembamba kisichobembelezeka. Vipele vyekundu au vya zambarau visivyofifia ukivigandamizia glasi havisubiri asubuhi. Baada ya kugonga kichwa, ogopa kutapika tena na tena au usingizi asioamshika. Mkono na mguu wa upande mmoja vikilegea ghafla, nenda. Watoto nao hupata kiharusi. Ukihisi amekunywa sumu au dawa ya mtu mzima, beba chupa yenyewe.

Njiani usimlishe wala kumnywesha. Ukifika, usikae kwenye foleni kimya: mwambie mtu wa kwanza wa afya utakayemwona, "Mtoto wangu hazinduki," au "Ana degedege, lilianza saa fulani." Kama mmetoka eneo lenye malaria, sema hata usipoulizwa, maana malaria kali hupanda kichwani. Uliza pia kama sukari yake imepimwa. Sukari ikishuka sana huleta degedege na kupoteza fahamu, na tone moja la damu kidoleni hutosha kuigundua.