Kabla hujalipia jiwe la mtandaoni, ulizia liko mkononi mwa nani

Mimi ni sonara. Meza yangu iko Kisutu, Dar es Salaam, kwenye chumba kidogo cha ghorofa ya kwanza, na kwa miaka 17 kazi yangu kubwa imekuwa pete za ndoa. Zamani mteja alikuja na jiwe lake kwenye karatasi iliyokunjwa. Siku hizi anakuja na picha kwenye simu.

Mwaka jana kijana mmoja wa Kigamboni alinionyesha tanzanaiti ya umbo la yai: uzito karati 2.14, milimita 9 kwa 7. Ukurasa wa duka ulisema lipo, naye alishalipa nusu. Ndoa ilikuwa imebakiza wiki tatu, kwa hiyo nikachonga nta, yaani umbo la pete la kutengenezea kalibu, kwa vipimo vile vile, nikamimina dhahabu, nikaandaa kiti cha jiwe. Siku kumi baadaye likafika jiwe jingine, karati 1.97, milimita 8.6 kwa 6.8. Muuzaji akaandika kwamba lile la kwanza liliuzwa miezi mingi nyuma, picha ilisahaulika tu, na kwamba hili "linafanana kabisa".

Kwa macho ya kawaida yanafanana. Kwenye pete, tofauti hiyo inalifanya jiwe licheze, na tanzanaiti huwezi kuibana kwa nguvu. Ugumu wake uko kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, tena ina upande mmoja ambao ikigongwa hupasuka kama ukuni. Nikaiyeyusha pete. Yule kijana alikaa kwenye benchi akiitazama dhahabu yake ikirudi kuwa tone, hakusema neno. Iliniuma sana. Tangu hapo sigusi nta kabla sijathibitisha jiwe, na wateja wangu nawafundisha hivi.

Kwanza uelewe kwa nini picha hubaki wakati jiwe limeondoka. Duka la mashati likiuza moja, stoo kuna mengine ya saizi hiyo hiyo. Jiwe la rangi liko moja tu duniani lenye uzito ule, vipimo vile na rangi ile. Likishauzwa, ukurasa unapaswa kufutwa saa ile ile, na maduka mengi hayana mtu wa kazi hiyo.

Halafu kuna mali kauli, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza. Jiwe linatoka Mirerani, linapita kwa broka Arusha, broka anampa mwenzake Dar kwa kuaminiana, mwenzake anampigia picha rafiki mwenye ukurasa wa Instagram. Hakuna aliyelilipia bado. Kila mmoja anaruhusiwa kuliuza, na jiwe hilo hilo utalikuta kwenye kurasa nne kwa bei nne. Akilipata mteja wa kwanza, wauzaji wengine watatu wanaweza kukaa wiki mbili bila kujua. Si wezi, ila hawana jiwe. Wafanyabiashara wakubwa nao hubeba mzigo kwenda kwenye maonyesho. Yale ya Tucson, Marekani, hufanyika kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari, na muda wote huo tovuti zao zinaweza kuendelea kuonyesha mawe ambayo yako kwenye meza za huko au yameshauzwa. Wapo pia wanaoacha picha makusudi, maana jiwe zuri lililokwisha kuuzwa bado linaleta wateja. Ukiuliza unaambiwa limeondoka jana, lakini ninalo zuri zaidi. Ukijibiwa hivyo mara mbili na duka moja, hama.

Kwa hiyo usiulize "bado lipo?" Jibu la swali hilo siku zote ni "lipo". Andika hivi: "Habari za kazi. Nauliza jiwe namba fulani, karati 2.14. Jiwe lenyewe liko mkononi mwako leo, au liko kwa mwenzako? Kama liko kwa mwenzako, utalipata lini?" Mwenye jiwe hujibu moja kwa moja. Mkweli asiye nalo atakuambia, "Dada, liko Arusha, nipe siku tatu," na huyo ni mtu wa kufanya naye biashara. Anayekurudishia bei badala ya jibu, muulize tena maneno yale yale.

Akisema analo, omba video fupi ya siku hiyo. Picha haitoshi, maana picha inaweza kuwa ya miaka. Kwenye video aweke karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako kwa mwandiko wa mkono, jiwe likiwa kwenye kibano, kisha aliweke juu ya mizani inayosoma karati hadi tarakimu mbili baada ya nukta. Kama ukurasa ulisema 2.14 na mizani inasema 2.09, hilo ni jiwe lingine. Mwombe pia alisogeze kutoka dirishani hadi chini ya taa ya njano. Tanzanaiti dirishani huonyesha bluu, na chini ya taa ya namna hiyo huvuta kwenye zambarau. Hapo umethibitisha uwepo wa jiwe na umeijua rangi kwa mpigo mmoja.

Wakati unasubiri video, chukua picha ya tangazo uipitishe kwenye programu ya kutafuta kwa picha. Mara nyingi utaikuta kwingine, pengine chini yake mtu ameshaandika "limeuzwa".

Cheti cha maabara kinachanganya watu wengi. Ukiingiza namba ya ripoti kwenye tovuti ya GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito, utaona kama ripoti ni ya kweli, na uzito na vipimo vyake. Haikuambii jiwe liko kwa nani leo. Ripoti ya mwaka 2016 inaweza kuwa halali kabisa na jiwe lake likawa kidoleni mwa mtu tangu 2017. Soma tarehe, linganisha vipimo na video, ndipo uendelee. Kwa muuzaji wa hapa nchini omba pia namba ya leseni yake ya Tume ya Madini. Biashara ya madini ina leseni, na mwenye nayo haoni taabu kuitaja.

Malipo yaje mwisho. Taka ankara yenye namba ya jiwe, uzito, vipimo vya milimita, na sentensi inayosema kwamba jiwe hili likikosekana fedha yote inarudi, na kwamba jingine halitatumwa bila idhini yako. Sentensi hiyo ingemwokoa kijana wa Kigamboni. Kama unalipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri, lifanane na la kwenye ankara. Ukiagiza kutoka nje, uliza gharama za forodha mapema.

Jiwe likifika usilipeleke nyumbani likalale kabatini. Lilete kwangu, au kwa sonara wako yeyote mwenye mizani ya karati, lipimwe ankara ikiwa wazi mbele yenu. Nta nachonga siku hiyo hiyo, jiwe likiwa mezani.